Tulimhesabia Katana akainuka kwenye tisa: msimu ulioondoka na goti lake

Wakuu, salaam kwenu nyote, wa pwani na wa bara.

Nimesoma humu nyuzi nyingi za mashabiki wanaolia na majeruhi wa timu kubwa za Ulaya. Yangu ni ya timu ndogo ya kijijini, kati ya Gede na Matsangoni. Jina lake halisi naliacha kwa sababu wahusika bado tunakutana nao sokoni. Humu tuiite Tewa.

Sitatia chumvi. Sehemu mbaya zaidi ya kisa hiki niliifanya mimi kwa mikono yangu miwili, kwa hiyo sina sababu ya kukipamba.

Mimi ni fundi cherehani. Siku za mechi ni mpiga ngoma wa mashabiki. Kwa ambao hawajawahi kukaa upande wetu wa uwanja, niwaeleze: mpiga ngoma ndiye anayeshika roho za watu. Akiongeza kasi, watu wanasimama. Akinyamaza, uwanja mzima unanyamaza.

Likumbukeni hilo.

Msimu ule ulianza vibaya. Mechi ya kwanza kipa wetu alivunjika kidole. Ya pili, beki wa kushoto alitumbukiza mguu kwenye shimo la uwanja wetu wenyewe, kifundo kikavimba kama embe dodo. Kisha viungo wetu wawili wakagongana vichwa, wenyewe kwa wenyewe, wote wakiufuata mpira mmoja. Mmoja hakurudi tena uwanjani, mama yake alikataa.

Kufikia katikati ya msimu kocha alikuwa na wachezaji kumi na watatu, na wawili kati yao walikuwa wanachechemea.

Watu wakasema tumerogwa. Mimi sikusema hivyo. Mimi nilikuwa na dawa yangu.

Dawa yenyewe ilianza kama mzaha. Timu moja ya wageni ilikuwa inatuongoza bao moja, na mchezaji wao akawa kila akiguswa anajilaza kupoteza muda. Nikapiga ngoma pigo moja moja, na mashabiki wakahesabu: moja! mbili! tatu! Alipopita kumi bila kuinuka, mtu mmoja akapiga kelele, "Huyo ni maiti! Leteni sanda!" Uwanja ulicheka hadi refa akacheka.

Wiki iliyofuata akaanguka mtu wetu. Nikafikiria, mbona nisimtie moyo? Nikapiga. Watu wakahesabu. Akainuka kwenye sita, akakimbia, na dakika ile ile tukafunga.

Basi ikawa desturi. Akianguka wa Tewa, tunahesabu. Anayeinuka kwenye tatu anashangiliwa kama bwana harusi. Anayepita kumi anaitwa maiti wiki nzima, mpaka kisimani.

Mtu mmoja tu hakuipenda. Mama Sidi, anayeuza viazi vya karai pembeni ya ngoma yangu, aliniambia, "Bakari, huyo aliyelala pale ni mtoto wa mtu."

Nikamjibu, "Mama, tunampa nguvu."

"Nguvu gani ya kuogopa kuchekwa?"

Nikanunua viazi.

Sasa niwajulishe Katana. Katana alikuwa mshambuliaji wetu, na siku za kazi alikuwa mgema. Kwa ndugu zangu wa bara: mgema ndiye anayepanda minazi kutega utomvu wa kutengenezea tembo, pombe ya mnazi. Si mara moja. Asubuhi anapanda, jioni anapanda tena, mti kwa mti, kila siku ya Mungu. Hana kamba wala mkanda. Anakanyaga vidato vilivyochongwa kwenye shina, na mwili wote unabebwa na magoti.

Alikuwa na minazi kumi na minne aliyokabidhiwa na mwenye shamba. Mke wake Dama na watoto wawili walikula kutokana na minazi hiyo.

Mimi pombe sinywi, na alikuwa ananitania kwa hilo. "Ami Bakari, siku ukionja kazi yangu utaitupa hiyo ngoma."

Na ndiye aliyekuwa anainuka haraka kuliko wote. Kwenye mbili. Kwenye tatu. Watu walimpenda kwa hilo kuliko kwa mabao yake.

Tukafika mechi ya mwisho ugenini, kule Adu. Hesabu ilikuwa rahisi: tukipata angalau sare tunabaki ligini, tukifungwa tunashuka. Tulikwenda kwa lori la kubebea matofali ya mawe, tukashuka weupe kwa vumbi kama watu waliopakwa unga. Wachezaji walikuwa kumi na mmoja kamili. Kwenye benchi alikaa kocha na ndoo ya maji, basi.

Hadi dakika ya sabini tulikuwa sare, bao moja kwa moja. Katana akaupokea mpira upande wetu, karibu kabisa na ngoma. Akageuka kumpita beki. Hakuguswa na mtu. Mguu ulibaki ardhini, mwili ukageuka.

Nilisikia. Kama kijiti kikavu kinavunjwa ndani ya kitambaa.

Akalala. Na mikono yangu ikaanza kupiga kabla sijaiambia ianze.

Moja! Mbili!

Kwenye nne akainua mkono. Wakuu, naomba mnielewe vizuri hapa. Hakuinua mkono kuomba kuinuliwa. Aliutikisa huku na huku, kama mtu anayekataa chakula. Hapana. Na alikuwa anatazama upande wetu.

Niliuona mkono ule. Nilijua maana yake.

Mama Sidi alinishika bega. "Bakari, nyamaza!"

Nikapiga tano.

Sababu yangu ilikuwa moja: akitoka tunabaki kumi, na tukibaki kumi tunashuka. Niliifikiria sababu hiyo kwa utulivu, kati ya pigo na pigo. Sitasingizia kelele.

Akainuka kwenye tisa. Watu walilia kwa furaha. Akacheza dakika ishirini zilizobaki, akiukokota mguu, na mara mbili nililiona goti lake likikimbilia upande peke yake. Akaanguka tena, akainuka tena.

Mechi ikaisha sare, bao moja kwa moja. Tukabaki ligini kwa pointi moja. Ndiyo hiyo.

Njia nzima ya kurudi Katana alilala kwenye lori, kichwa kwenye mapaja ya kocha. Tuliimba mpaka Malindi. Yeye hakuimba.

Hospitalini nilikwenda na Dama. Daktari alitueleza taratibu, nami nawaeleza kama alivyotueleza. Ndani ya goti mna kamba zinazoshika mifupa isiachane. Katikati ya mifupa mna vitu laini kama mito, ili isisagane. Kamba ilikatika alipoanguka mara ya kwanza, na kamba peke yake ina njia ya kutibiwa. Lakini mito ile ilisagwa baadaye, kwa kukimbia bila kamba.

Dama akauliza, "Kwa nini alikimbia?"

Daktari alisema hajui. Mimi niliangalia sakafu.

Atatembea, tuliambiwa. Kupanda mnazi, hapana. Mwezi haukuisha mwenye shamba akampa minazi mgema mwingine. Siwezi kumlaumu, mti usipogemwa kila siku utomvu unakauka.

Ilinichukua muda mrefu kwenda nyumbani kwake. Nilimkuta barazani anasuka makuti na Dama, mguu umenyooshwa mbele.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba, Katana. Goti?"

"Lipo. Bado ni langu."

Nikamwambia. Nilisema niliuona mkono, nilielewa, na nikaendelea kupiga. Dama aliacha kusuka. Hakunitazama. Aliingia ndani, na hakutoka tena hadi nilipoondoka.

Katana alikunja kuti, akalifunga.

"Najua uliuona, ami. Nilikuwa nakuonyesha wewe. Kocha angefanya nini na ndoo yake? Nilisema, ngoma ikinyamaza, nitalala."

Wakuu, hakunitukana. Ningependa angenitukana.

Nilipoaga akataka kunisindikiza, kwa adabu zake. Akashika nguzo, akaanza kuinuka. Na mimi, Mwenyezi Mungu anisamehe, vidole vyangu vikaanza kugonga pajani. Sikujua mpaka nilipomwona anavitazama.

"Umefika ngapi?" akauliza.

Nikashindwa kudanganya. "Kumi na nne."

"Basi nishakuwa maiti," akasema, akacheka. Akanisindikiza hadi barabarani.

Msimu mpya umeanza, na ngoma bado ninayo. Sasa akianguka mtu, wetu au wao, naigeuza ngoma chini na kuikalia. Mara ya kwanza mashabiki walinizomea, wengine wakahesabu kwa kupiga makofi bila mimi. Wiki iliyopita walihesabu hadi tatu tu, wakaacha. Mama Sidi anasema ni mwanzo. Katana hajawahi kuja kutazama.

Ninachotaka mbebe ni hiki: kumtia mtu moyo ni jambo jema, ila kwanza mtazame anaomba nini. Akikuonyesha kwamba hawezi, mwamini hapo hapo. Na wewe kijana unayecheza, kulala chini si aibu. Lala. Mguu ni wako, sisi tutakwenda nyumbani na miguu yetu.

Sasa nawasikiliza nyinyi. Kwenu, mchezaji akianguka, mashabiki wanafanya nini? Na kama kuna aliyewahi kuinuka kwa sababu ya kelele zetu, anieleze ilikuwaje. Hata kama ni lawama, nitasoma zote.