Beseni la Bi Siti

Mama mkwe wangu tulimzika Agosti. Septemba, beseni lake likaanza kuniletea maji.

Cheka tu. Hata mimi ningecheka.

Asubuhi baada ya mvua ya kwanza nafungua mlango, nalikuta pale: beseni la Bi Siti, la buluu, limejaa maji ya mvua. Beseni hilo tulilitafuta siku ya msiba, hatukuliona.

Hapa mjini Baraka ziwa liko mbele ya macho, lakini maji yake yana kipindupindu. Ndiyo maana mume wangu Iddy aliweka tanki la kukinga maji ya mvua kutoka paa la mabati. Kiangazi kilipoanza nikaingiwa na hofu. Nikatia kufuli kwenye koki. Kila mtu bidoni moja, yaani dumu moja, kwa siku, ufunguo ninao mimi.

Bi Siti aliomba mara moja tu.

"Mama Nadia, uniongezee kidogo."

"Mama, maji itaisha. Bote tutakunywa nini?"

Hakuomba tena. Wiki tatu baadaye kipindupindu kikamchukua. Sikuelewa. Si tulikunywa tanki moja?

Basi nilimwaga yale maji, nikaliacha beseni uani. Jioni halipo. Mvua ya pili, limerudi, limejaa. Ya tatu, vilevile.

Nikashindwa kula. Iddy akataka kuita shehe. Mimi nilijua mama amekuja kunisuta.

Mvua ya nne nikajibanza nyuma ya mlango tangu alfajiri. Nikasikia hatua. Nikafungua ghafla.

Adolphine! Jirani yetu wa nyumba ya nyasi, mwenye mapacha wanaoanza kutembea. Beseni kichwani.

"We! Hiyo beseni umetoa wapi?"

Akaanza kulia.

"Mama Siti alikuwa ananiletea maji yake na hii beseni, kila siku, ya kunywesha batoto. Alisema nisikuambie, utamukasirikia. Sasa mvua imeanza, mi nakinga ya kwangu inje, narudisha. Naogopaka kukuangalia mu macho."

"Na yeye alikuwa anakunywa nini?"

"Alisema iko na ingine."

Kisha akaangalia upande wa ziwa.

Nilikaa chini kwenye matope, nikalia mpaka majirani wakatoka.

Mzimu haukuwepo. Kinachonikosesha usingizi ni kwamba mvua ya kwanza ilipofika, tanki langu lilikuwa bado nusu.

Ndugu zangu, wekeni akiba ya maji, ni vizuri. Lakini mtu akikuomba kidogo, muulize kwanza ni kwa ajili ya nani.

Mimi sikuuliza.