Tangi la Bati na Sauti ya Dada

Ukifika Ipuli, hapa Tabora, ukauliza muziki wa harusi uko wapi, utaonyeshwa nyumba yenye tangi kubwa la bati pembeni. Ni yangu. Nimeijenga kwa pesa ya spika, tofali kwa tofali, mimi ambaye shule niliiachia darasa la tano nikaenda kushusha magunia ya mpunga kwenye malori ya Nzega. Waliomaliza vyuo wanakuja kwangu kuuliza besi inapangwaje. Nawaonyesha. Sina roho mbaya.

Ila habari ya tangi lenyewe huwa naisimulia nusu, ile ya kujisifia tu. Nusu ya pili inaniuma.

Muziki wa dabu niliukuta kwenye kaseti. Dereva mmoja wa lori, anayepita njia hii hii waliyokuwa wakipita zamani wapagazi wa pembe za ndovu, aliniachia kaseti ya rege. Upande wa kwanza mtu anaimba. Upande wa pili ni wimbo ule ule, lakini mwimbaji katolewa. Kumebaki ngoma na besi, na mara moja moja kipande cha sauti yake kinachomoza, kinajirudia, kinajirudia, kinazama. Nilidhani kaseti imeharibika. Nikaisikiliza mpaka betri zikaanza kulegea, ndipo nikaelewa kuna fundi aliyekaa chini akafanya vile makusudi. Nikataka kuwa yule fundi.

Mashine ya kutengeneza mwangwi sikuwa na uwezo nayo. Nilikuwa na tangi. Kila kiangazi linakauka, na mtu akikohoa kwenye mdomo wake, linamjibu. Nikatumbukiza spika ndogo upande mmoja na kipaza sauti upande wa pili. Sauti ikipita mle ilitoka ndefu, kama mtu anayeita kutoka ng'ambo ya mbuga. Kwa hiyo dabu yangu ilikuwa na msimu, kama tumbaku. Mvua zikianza na tangi likijaa, nafunga kazi hiyo, narudi kwenye harusi zangu mpaka maji yaishe. Hakuna mtu mwingine Tabora aliyefikiria jambo hilo. Nasema hivyo kwa sababu niliulizia.

Dada yangu, mkubwa wangu, alikuwa akiongoza kwaya kanisani. Alikuwa akija kwangu na ndoo mkononi.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Tangi lina kitu?"

"Limekauka."

"Basi nitaimba. Maji ya kunipa huna."

Siku moja akaimba peke yake wimbo wa kupalilia karanga, ule aliotufundisha mama shambani kwetu Lusu. Nikaurekodi kwenye kompyuta yangu ya mtumba, nikautilia ngoma na besi, kisha nikaanza kumpunguza. Yeye amekaa kwenye kreti la soda, anasikiliza.

"Bado nimejaa sana humo," akasema. "Nitoe. Acha pale neno linapokatika tu, nisikike kama napita njia."

"Nikutoe wewe, nibaki na nani?"

"Ubaki na bati lako."

Tukacheka. Nilipomaliza, kila mstari ulikuwa umebakiwa na neno lake la mwisho tu, likizunguka ndani ya tangi mpaka linapotea. Mpaka leo sijatengeneza kitu kizuri kama kile. Kompyuta ikagoma kuhifadhi, imejaa. Dada akasema tufute ule wimbo mzima, wenye sauti yake yote. "Mimi si nipo hapa mtaani? Ukinihitaji unaniita." Akabonyeza mwenyewe.

Kazi ile ilinipa jina. Kijana mmoja aliyekuja na laptopu kutoka Dar kupiga kwenye harusi aliisikia, akavua vile vya masikioni. Akaniambia, "Mzee, hivi vitu vyetu vyote vya kompyuta, muziki wa hausi, singeli, hata vile vya Ulaya, vina damu ya muziki huu. Ile kukata besi ghafla, ukumbi ukashika pumzi, halafu unairudisha kwa kishindo, tumeitoa kwenye dabu." Nikamjibu najua. Nilikuwa sijui, lakini nilivimba wiki nzima. Hata sasa nikisikia vijana wakipiga muziki wao wa kasi kwenye simu, nasikia mle ndani pale panapoachwa wazi, nasema moyoni, hapo ndipo penyewe.

Dada alianguka mwaka jana kwa presha. Tulipomaliza msiba, mama hakurudi Lusu, akabaki kwangu. Asubuhi moja akaniambia, "Wewe ndiye mwenye mashine. Niwekee mwanangu nimsikie. Peke yake, siyo na kwaya."

Video za kwaya zipo kwenye simu za watu, lakini mle anaimba kundi zima, humtofautishi. Sauti yake ya peke yake nilikuwa nayo moja tu, ile ya dabu. Nikaiweka. Besi ikapiga, ngoma ikapiga, mama amekaa mkao wa kanisani. Neno la kwanza likatokea, likazunguka, likaisha.

"Mbona anaanzia mwishoni?"

Nikamweleza dabu, mimi ninayewaeleza wenye vyeti. Nilieleza vibaya.

"Kwa hiyo mwanzo wake hauko?"

"Hauko, mama."

Hakulia wala hakunilaumu, afadhali angenilaumu. Alisema niweke tena. Safari hii akaimba yeye mwanzo wa mstari, kwa sauti iliyokwaruza, ili binti yake amalizie. Lakini mama sasa huimba taratibu kwa uzee, na neno la dada likatokea kabla hajafika.

"Ana haraka," akasema. "Mwambie anisubiri."

Nikapunguza mwendo. Sauti ya dada ikashuka, ikawa nzito kama ya mwanamume. Mama akatikisa kichwa haraka.

"Huyo siye. Rudisha alivyokuwa. Mimi ndiye nitakaza mwendo."

Nikarudisha. Akaanza upya, akiyabana maneno, akikosa pumzi, akichelewa tena. Mimi nimeshika kitufe cha sauti, na mashine zangu zote zimewaka, na hapakuwa na kitu cha kufanya isipokuwa kurudisha wimbo mwanzo kila aliponiashiria kwa kidole.