Mwito wa Tatu

Siku meli ya pili ilipoleta wakimbizi kutoka ng'ambo ya ziwa, bandari ya Baraka ilijaa majina. Kila aliyesimama nyuma ya kamba alikuwa na jina lake mdomoni, naye alilitupa juu ya vichwa vya askari mpaka kule walikoshukia watu: Casimir! Mama Vanessa! Patrice wa Lweba! Walioshuka, godoro kichwani na kuku kikapuni, waligeuka huku na huku kama watu wanaopigwa kokoto.

Mimi nilishika ufito wa mikrofoni juu ya kelele hizo. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu huko Bukavu kufanya staji, mafunzo ya kazi, katika kampuni ndogo ya filamu iliyopanga nyumba karibu na soko. Chef wetu, yaani mkubwa wa kazi, Nicolas, alikuwa anatengeneza filamu juu ya wanaorudi baada ya vita. Déogratias alishika kamera. Kazi yangu ilikuwa sauti bandarini, na ofisini kudérusher, yaani kutazama kaseti zote tulizorekodi na kusema wapi kuna picha nzuri. Kazi hiyo ya pili niliipenda. Mimi ni mtu wa vitabu, na mbele ya kioo cha mashine hakuna anayekuuliza neno.

"Aline, ile micro haiume," Déogratias aliniambia. "Ishike kama muntu, hapana kama nyoka."

Ni hapo nilipomwona mwanamke ambaye hakuita. Alisimama kwenye ncha ya kamba, ushungi mweupe kichwani, na kiganja chake kilifunika mdomo tangu mtu wa kwanza alipokanyaga nchi kavu hadi wa mwisho. Nilidhani anazuia kichefuchefu. Lakini meli iliyofuata alikuja tena, akasimama palepale, mkono mdomoni.

Wiki hiyo alifika ofisini. Alivua ndala mlangoni, akaweka chini beseni lake la mikebuka iliyokaushwa, akasema kwamba anaitwa Siti, anauza samaki, na amesikia sisi tunaweka watu ndani ya masanduku.

"Siku ya kwanza ya meli nilikuwa na malaria," alisema. "Balioshuka ile siku, sikubaone. Mutanionyesha?"

Nicolas alikuna kichwa. Kaseti zilikuwa chache; zilikuja kwa njia ya Uvira, na njia ya Uvira ilifunguka siku ambazo wenye bunduki walitaka ifunguke. Kwa hiyo tulichagua picha nzuri, kisha tulirekodi juu ya zile nyingine. Watu walioshuka meli ya kwanza walikuwa wanangoja kufutwa na watu wa meli ijayo.

"Akae na Aline," alisema mwishowe. "Lakini groupe ya umeme inawaka tu mchana, Mama."

"Kama inawaka tu, nitakuja."

Akaja. Kila mchana, jenereta ilipoanza kunguruma uani, Siti aliketi kwenye kigoda karibu nami, akafuta macho kwa pindo la ushungi, akasema bismillahi, na mimi nikaachia picha. Katika kioo kidogo watu walianza kushuka. Hatukuweka sauti, hakutaka. Walishuka kimya, mmoja nyuma ya mwingine, na wengine waliitazama kamera hivi kwamba nilitaka kuondoka wapite.

Alitafuta mwanawe. Aliniambia kidogo kidogo, macho yake bila kuacha kioo. Mwaka wa tisini na sita, milio ya bunduki iliposhuka kutoka upande wa Uvira, alikuwa Lweba kwa mama yake. Baba wa mtoto alikuwa amekwisha kufa. Watu wote walikimbilia pwani. Alimpandisha Useni, mwenye miaka sita, katika mtumbwi wa kaka yake Mahmudu, akarudi nyumbani kumbeba mama yake ambaye miguu haikumwendesha tena. Alipofika tena pwani na mama mgongoni, mtumbwi ulikuwa umekwenda.

"Haukuwa mbali sana," alisema. "Niliona shati yake nyekundu. Iko nyuma, ananipatia mugongo."

"Hukumwita?"

Siti alifunika mdomo kwa kiganja, kama pale bandarini, akaongea ndani ya vidole.

"Angeruka. Ule mutoto, nikimuita, hata kama iko na muiba kwa muguu anakuja. Angejitupa mu maji."

Basi alishika mdomo wake mpaka mtumbwi ulipopotea. Baadaye alikimbilia milima ya Fizi, akamzika mama yake huko, akaishi kwa kulima shamba la wengine, akarudi Baraka vita vilipotulia. Habari za mtumbwi wa Mahmudu zilikuwa mbili. Mtu wa Kazimia alisema aliuona unafika ng'ambo. Mtu mwingine, wa Kazimia pia, alisema upepo wa usiku ule haukuacha mtumbwi hata mmoja. Watu wanaotafuta watoto waliopotea walimwomba picha ya Useni. Hakuwa nayo.

"Simamisha apo," alisema.

Nilisimamisha. Mtoto mwenye birika mkononi. Siti alikaribia mpaka pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo.

"Haiko yeye. Endelesha."

Kisha mtoto aliyelia. Kisha mtoto aliyebebwa begani. Kisha mmoja aliyevaa koti la mtu mzima. "Simamisha apo. Haiko yeye. Endelesha." Siku kadhaa zilipita hivyo kabla sijaona kitu kilichokuwa mbele ya macho yangu. Vijana walishuka wengi, warefu, wembamba, wenye sauti mpya shingoni, na Siti hakusimamisha kwa hata mmoja wao. Alisimamisha kwa watoto wadogo tu. Mdogo wangu Alphonse alikuwa na umri wa Useni mwaka ule wa kukimbia. Sasa anaiba wembe wa baba.

Sikulala vizuri. Nilianza kuona shati jekundu mahali pengi: kwenye kamba ya nguo ya jirani, mgongoni mwa mtoto aliyeuza mandazi sokoni. Huyo nilimfuata hatua chache. Aligeuka akaniuliza ninataka ngapi.

Kesho yake, jenereta ikinguruma, nilimwambia Siti. Nilisema nikitazama vitufe vya mashine.

"Mama Siti, Useni sasa iko mukubwa."

Macho yake hayakuacha kioo. Nilifikiri hakusikia.

"Unazani sijue kuhesabu, binti? Ninauzisha samaki." Hakukasirika. "Ule mudogo, ninamujua. Ninajua anakunja mudomo namna gani akitaka kulia. Ule mukubwa, nani alinijulisha naye? Akipita apa sasa, nitamuuliza tu: papa, unataka samaki ya kukauka ao ya mubichi?"

Alicheka. Mimi sikuweza. Nyuma yetu Nicolas alikuwa amesimama mlangoni, kikombe cha chai mkononi, naye alikuwa amesikia. Si mtu mbaya, Nicolas. Lakini akisikia kitu kizuri, vidole vyake hutengeneza fremu hewani bila yeye kujua.

"Mama," alisema, akichuchumaa, "filamu hii tutaipeleka ng'ambo, kwenye kambi. Tunatundika shuka, watu wote wanaangalia. Mutoto anaweza kusahau sura. Lakini sauti ya kumuita kula, anaisahau namna gani? Uite mbele ya kamera. Namna ulimuita zamani."

Siti alibeba beseni lake, akavaa ndala, akaenda.

Hakuja siku iliyofuata, wala nyingine. Nilitoa kaseti ambazo hakuwa amezimaliza, nikaziweka chini ya mkoba wangu wa vitabu, zisifutwe. Aliporudi hakuketi kwenye kigoda. Aliniita uani, karibu na jenereta, mahali ambapo hakuna anayeweza kusikia.

"Weye mutoto ya Fizi juu, ya mulima," alisema. "Mambo ya maji habakukufundishe?"

Nilisema hapana.

Basi alinifundisha. Kwa watu wa kwao, jina la mtoto haliitwi kandokando ya ziwa, maji yasije yakalijua. Kila mama ana mwito wake, na mtoto anaujua kati ya miito yote. Wake ulikuwa: *Sufuria inalia, weee!* Ukiita mara moja mtoto asije, anacheza. Ukiita mara ya pili asije, ana kichwa kigumu, na atapigwa. Lakini ukiita mara ya tatu, na bado haji, wanaume wote waliopo pwani huacha walichoshika na kuingia majini na nyavu.

"Ya tatu haiko ya mutoto," alisema. "Ya tatu ni ya kuambia bantu: mutoto wangu iko mu maji, munitafutie. Ukiiita, umesema. Haurudishe tena."

Hapo nilielewa kile kiganja.

"Nitaita," alisema. "Mara mbili. Mungu anione. Lakini Papa Nicolas usimwambie ya tatu. Atataka kuifilme."

Meli ilikuja asubuhi ya mawingu, na ziwa lilikuwa na rangi ya sufuria kuukuu. Déogratias alimweka Siti mbele ya kamba, meli nyuma yake kidogo, mwanga upande wa shavu. Alikuwa amevaa kitenge kipya na kupaka mafuta usoni. Nilinyoosha ufito juu ya kichwa chake, vifaa vya kusikilizia masikioni, na nilisikia moyo wake ukipiga, au wangu.

Watu walianza kushuka. Majina yalianza kuruka. Nicolas aliinua mkono.

Siti aliondoa kiganja mdomoni.

"Sufuria inalia, weee!"

Meli ilipiga honi palepale, ikameza yote. Déogratias alitukana kwa Kilingala. Nicolas alisema si kitu, Mama, si kitu, tena.

Alingoja honi inyamaze. Alivuta pumzi, na safari hii sauti ilitoka mahali pengine, chini kabisa, sauti ya mwanamke kijana mwenye jiko la moto na jioni mbele yake. Mwisho wake ulipanda na kubaki juu. Sijui kama ni kweli, lakini mimi niliona majina yananyamaza. Wengi kwenye njia ya kushukia waligeuka: wasichana, wazee, kijana mmoja mrefu mwenye godoro. Kisha upepo ulitoka ziwani ukaingia katika mikrofoni, na masikioni mwangu nikasikia kitu kama kitambaa kikichanwa.

Hakuna aliyekuja. Walitazama, kisha wakaendelea kushuka.

Nicolas aliniangalia. "Sauti?"

"Iko na upepo," nilisema, kwa sababu sikujua kusema uongo haraka.

"Ah! Basi tena, Mama. Mara moja tena tu, ilikuwa nzuri sana! Ya tatu ndio itakuwa yenyewe."

Siti aliniangalia mimi. Karibu na mitumbwi, wavuvi wawili watatu walikuwa wamesimama wima na kuacha nyavu walizokuwa wanashona. Walikuwa wanamtazama yeye, wanangoja. Mmoja alikwisha kukunja suruali hadi magotini.

"Déo, uko tayari?" Nicolas alisema. "Aline, micro juu."

Nilishusha ufito. Niliulaza mchangani.

"Hapana, chef."

"Nini?"

"Hapana. Hataita tena."

Déogratias alitoa jicho kwenye kamera. "Aline? Weye ndio umesema?"

"Lakini iko na upepo!" Nicolas alisema. "Haitafaa kitu! Kwa nini?"

Sikuwa na maneno ya kumpa bila kumpa kile nilichoombwa kuficha. Nilichomoa waya wa mikrofoni, nikaukunja mkononi. Nicolas alifungua mdomo. Kisha alimwona Siti, kiganja kimerudi mahali pake, na wavuvi waliosimama. Vidole vyake vilivyokuwa vinatengeneza fremu vilishuka.

"Basi," alisema. "Kata, Déo."

Wavuvi waliketi tena. Aliyekunja suruali aliikunjua, taratibu, mguu mmoja kisha mwingine.

Siti alikuja ofisini siku iliyofuata, na beseni lake. Alibusu kidole, akanigusa nacho shavuni. Kwa mara ya kwanza aliomba sauti. Nilimvalisha vile vya masikio juu ya ushungi, nikatafuta mahali penyewe. Uso wake haukubadilika alipojisikia. Kwenye upepo alifumba macho, na aliusikiliza upepo ule mpaka mwisho, kama mtu anayengoja jibu kupitia ukuta.

"Rudisha," alisema. "Onyesha bale baligeuka."

Nilirudisha. Walikuwa pale, nyuma ya bega lake mwenyewe, wadogo, nyuso zimegeukia kamera.

"Simamisha apo."

Ni yule kijana mrefu wa godoro. Alikuwa na ndevu za kwanza, na shingo iliyonyooshwa kutafuta ni nani amesema jambo la sufuria. Siti alimkaribia. Aliweka kidole juu ya paji lake, kwenye kioo, akakishusha hadi mdomoni, na kikabaki hapo. Jenereta ilinguruma uani.

"Haiko yeye," alisema.

Lakini hakuondoa kidole. "Angalia vile alikomaa. Mama yake atamutambua na nini?"

"Sijue, Mama."

"Na mie sijue. Tutajifunza." Alifuta kioo kwa pindo la ushungi. "Endelesha."

Niliachia picha. Kijana alipita na godoro lake. Nyuma yake alishuka mtoto mdogo aliyekokota birika, amekunja mdomo karibu kulia, naye alivuka kioo kutoka upande mmoja mpaka mwingine. Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe, kinangoja. Siti alimwacha apite.