Mzee na Gazeti la Vifo

Juzi pale Litein, tukingoja lori la majani chai, mzee mmoja mstaafu kutoka upande wa ziwa alikuwa amesimama mbele ya muuza magazeti, akibishana na binti yake kwa simu iliyopaza sauti.

"Baba, kwa simu nitakulipia gazeti moja tu. Chukua lile la siasa na mpira."

Mzee akasogeza simu mdomoni, akaikinga kwa kiganja. "Nilipie lile la matangazo ya vifo. Wenzangu tuliochuna nao chai walirudi nyumbani kule ziwani. Wa mwisho kufa, nilisikia ameshazikwa."

Binti akalipa. "Na siasa je?"

"Siasa nitaambiwa na hawa wamama."

Sisi, tuliokuwa tumesogeza vikapu karibu, tukajifanya hatusikii. Kweli siasa tungempa bure, hata ile ambayo haijatokea. Lakini wa kwao akifa, mimi na masikio yangu haya yote singejua.