Parachuti ya Rambo na Unga wa Muhogo

Newala, Jumamosi ya mwisho ya Septemba. Asubuhi ukungu, mchana upepo wa kubamiza milango, jioni shwari.

Leo nimesikia harufu ya mabibo yanayochacha chini ya mikorosho, nikamkumbuka dada yangu Hilda na roketi zake. Sijui kama nitaeleza sawasawa, maana shule yangu iliishia darasa la saba, na Hilda akisoma haya atasema nimejipendelea. Nitajitahidi nisimpunje.

Nilikuwa darasa la tano, yeye la saba. Mwalimu Tumaini, mgeni kutoka Mbeya, alitufundisha kutengeneza roketi kwa chupa ya soda ya plastiki. Unatia maji kidogo, unaiziba kwa kipande cha kandambili kilichopitishwa valvu ya baiskeli, unaisimamisha mdomo chini, unapiga pampu mpaka kizibo kishindwe. Inaruka hiyo! Kuruka haikuwa kazi, kazi ilikuwa kushuka. Mwalimu alisema atakayeishusha polepole atampeleka Masasi kwenye maonyesho ya shule, na Hilda, ambaye alikuwa hajawahi kutoka huku juu mlimani kwetu, akakosa usingizi. Kwetu maji yalipandishwa kutoka bondeni kwa vichwa vya akina mama, kwa hiyo mama alitamka mapema: "Roketi yenu itakunywa maji yaliyooshea vyombo. Maji safi ni ya watu." Basi kila iliporuka ilituachia mvua ya shombo la dagaa.

Hilda alianza na tepe. Alifunga utepe wa kaseti mbovu, ukameta juani hata kuku wakakimbia, lakini chupa ilishuka kama jiwe. Akajaribu pindo la kanga kuukuu la mama, likawa afadhali, na kwa kuwa lilituonyesha upepo unakoelekea, tukaliacha palepale. Parachuti nikaichukua mimi. Nilikata mfuko wa plastiki, rambo, kwa mduara, nikafunga nyuzi za kushonea pembeni, kisha ikaingia chini ya kofia ya karatasi kichwani mwa chupa. Roketi ikigeuka juu, kofia ianguke, parachuti ifunguke. Sasa, baba yetu alikuwa katekista, mwalimu wa dini kanisani, na kila wiki mimi ndiye niliyefua na kukunja vitambaa vya altare. Mkono wangu ulijua kukunja namna moja tu. Nikaiosha rambo ile, nikaikunja pembe kwa pembe, nikailalia usiku kucha ikiwa chini ya godoro ili inyooke. Ilipendeza mno. Ilipopaa haikufunguka hata kidogo. Chupa, na udongo wa mfinyanzi tuliouweka kichwani ili iende wima, ikaangukia bati la jirani yetu, Mama Yustina, kwa kishindo.

Kwa asiyejua huku kwetu, bati si paa tu, ndilo bomba. Mvua hutiririka juu yake hadi kwenye kisima cha uani, na tundu moja ni ndoo nyingi zitakazobebwa kichwani. Mama Yustina alilia kwamba limetoboka. Baba alipanda, akalipapasa, akashuka na kusema limebonyea tu. Nadhani wote wawili walisema walichokiona. Lakini baba alimgeukia Hilda. "Mara moja tu tena, Jumamosi. Ikishuka salama, Masasi utakwenda. Ikigusa bati la watu, utabaki kuokota korosho, na hayo machupa nayachoma."

Hilda alinigeuzia hasira. "Umeikunja kama ya altare, wewe! Ile ni ya kulala kabatini, hii ni ya kufunguka!" Nililia, ila alikuwa na haki. Siku mbili baadaye, akimsaidia mama kuchekecha unga wa muhogo, aliona kwamba mfuko wa rambo wenye unga haunati kamwe, ukiupuliza unafunguka wenyewe. Akachota unga akaipaka parachuti. Mimi niliogopa. Huku kwetu unga humwagwa chini ya mti kwa kutambikia wazee waliotangulia, na sisi ni watoto wa katekista! "Wazee hawali rambo," akanijibu, akaikunja ovyoovyo kama leso ya mlevi.

Jumamosi Mama Yustina alisimama uani kwake, mikono kiunoni, akilinda bati lake. Tulimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kututazama. Hilda akapiga pampu. Chupa ikapaa, ikageuka, kofia ikadondoka, tukaona wingu jeupe, na katikati yake rambo ikachanua. Furaha haikudumu, maana upepo uliikumba moja kwa moja kuelekea bati lile. Hilda alifumba macho. Mimi sikufumba, ndiyo maana naweza kusimulia: pindo la kanga lililambalamba ukingo wa bati, chupa ikapita juu yake, ikatua taratibu kwenye mkeka wa muhogo alioanika Mama Yustina. Unga ukaifuata chupa, ukatua kichwani mwake mwenyewe.

Akajifuta uso, akaonja kidole. "Baba Hilda! Wewe katekista, wanao wanatambika mpaka mbinguni?"

Baba, aliyekuwa akitazama kutoka uani kwetu, alicheka hadi akashika mti. Kisha akasema, "Haya, nenda. Korosho nitaokota mimi."

Masasi Hilda hakushinda, kizibo kilikwama. Wala hakuwa mtaalamu wa roketi. Ni fundi cherehani hukohuko Masasi, na mimi nalima. Rambo zimepigwa marufuku, bomba linatoa maji siku linapopenda, na chupa za soda zimezagaa kila njia bila mtu wa kuzirusha. Siwezi kusema zamani ilikuwa bora, maana shingo ya mama iliumia kwa zile ndoo.

Leo Hilda alikuwa anapanda kuja kwangu kwa bodaboda, na simu yake haikupatikana tangu asubuhi, katika upepo ule. Nilisonga ugali nikiwa sijui nasonga nini. Mlango ulipofunguka akaingia, vumbi hadi kope, mzima. Nilikaa chini palepale kwenye kigoda. Akaitazama mikono yangu myeupe kwa unga. "Unamtambikia nani?"

Tumekula ugali wa muhogo, mbaazi za nazi na dagaa aliokuja nao.