Shahidi Aliyeishia Kimamba

Kama maneno yangekuwa jembe, Fulgensi angelima bonde zima la Kilombero mpaka Lupiro. Bahati mbaya alikuwa na eka mbili tu za mpunga, na katikati yake dungu la miti, lile jukwaa ambalo mkulima wa Ifakara, mpunga unapoanza kujaza punje, hukwea juu yake akaamia ndege, akiwafukuza tangu alfajiri mpaka jua lizame.

Kazi ile inachosha akili. Unavuta kamba yenye makopo, unapiga ukelele, unatupa donge la udongo kwa kombeo, kisha unangoja kundi lirudi. Ndiyo maana watu wa madunguni hupigiana hadithi kwa sauti kutoka shamba hadi shamba, na desturi yao inajulikana: hadithi ya dunguni haiombwi ushahidi. Mtu akisema alimfukuza kiboko kwa mwiko, anaachwa aseme. Watu wanacheka, ndege wanaruka, siku inakwisha.

Hadithi ya Fulgensi ilikuwa Nairobi. Ujanani aliondoka nyumbani miaka mitatu, akarudi na koti na kofia, na kwa kweli miaka yote mitatu alikuwa akikata mkonge Kimamba, karibu na Kilosa. Treni aliiona ikipita tu. Lakini nani angemsikiliza mtu wa mkonge, wakati nusu ya wanaume wa hapa walishachomwa na miiba ile ile? Basi akiwa juu ya dungu, Kimamba ikageuka Nairobi, na yeye akawa mtu wa reli. Kila msimu aliongeza kidogo: leo ghorofa, kesho taa za barabarani. Baada ya miaka ishirini hata yeye akifumba macho alikuwa anaziona zile taa.

Yangeishia hapo kama asingekuja karani wa serikali, mwezi wa Juni mwaka 1959. Jumbe Eustaki aliita watu sokoni. Karani, kijana mpole aliyelowa jasho ndani ya tai yake, akaeleza kwamba Tanganyika imefungwa pamoja na Kenya na Uganda: reli moja, posta moja, ushuru mmoja, shilingi moja. Sasa uhuru unanukia, na wakubwa wanataka kujua wananchi wanaonaje. Tubaki katika umoja huo au tujitoe?

Ungewauliza watu habari za mafuriko wangekujibu, ungewauliza bei ya mpunga wangekujibu zaidi. Hili la nchi tatu liliwapita juu ya vichwa.

"Kuna mtu hapa amewahi kuishi huko?" karani akauliza.

Vichwa vyote viligeukia upande mmoja. Fulgensi angeweza kukohoa, angeweza kusema ni zamani mno, angeweza hata kwenda kukojoa. Badala yake alisimama, akavua kofia. Ilikuwa tamu mno kutazamwa na watu mia moja kwa wakati mmoja.

"Mimi nimeishi Nairobi miaka mitatu, bwana karani," alisema. "Mtanganyika kule si mtu. Anafanya kazi ya wawili, anakula makombo, analala nje kwenye baridi. Umoja gani huo? Tujitoe!"

Watu walipiga makofi. Mtu mmoja tu alisimama kumpinga, naye alikuwa Verediana, mjane mwenye shamba lililopakana na lake. Mwanawe wa pekee, Kelestini, alikuwa na mwaka wa pili kwenye karakana ya reli Nairobi.

"Mwanangu ananiandikia kila mwezi," alisema. "Stempu ya barua ina majina ya nchi zote tatu, katekista amenisomea. Tukijitoa, barua yake itapita wapi?"

"Kaa chini, mama, wewe hujafika huko!" mtu alipaza sauti, na soko zima likacheka. Kura ikapigwa kwa mikono. Kubaki, mkono mmoja. Karani aliandika, na Fulgensi akaona kalamu ikiandika jina lake, shahidi aliyeishi Nairobi. Akairudisha kofia kichwani haraka. Hapa hapakuwa dunguni tena.

Alhamisi ya wiki ile, jioni, Verediana alikuja chini ya dungu lake na bakuli la perege wa kukaanga. Hakuja kugombana, na hilo ndilo lililomuumiza Fulgensi zaidi.

"Kaka Fulgensi, nina swali. Kelestini anasema ana kitanda, ana chumba na wenzake wawili. Wewe umesema wanalala nje. Nani ananidanganya?"

Fulgensi alishuka ngazi polepole. Ukweli ulikuwa mfupi, maneno mawili matatu tu. Aliutafuta mdomoni akakuta mdomo uliozoea kazi nyingine.

"Unajua vijana, dada," alisema. "Hawapendi kumtia mama wasiwasi."

Alijisikia akilisema hilo, akatamani ardhi impasukie. Verediana aliitikia kwa kichwa mara kadhaa.

"Nilijua. Basi Jumapili katekista ataniandikia. Namwita arudi. Bora tule ugali na mlenda hapa kuliko mwanangu afe kwa baridi. Asante, kaka. Bila wewe nisingejua."

Akamwachia wale samaki. Fulgensi hakuwagusa. Alikuwa na Ijumaa nzima ya kuvuka tuta moja na kusema, na Ijumaa alipata kikohozi. Jumamosi alikwenda hadi kwenye mpaka, akamkuta Verediana akiimba, akageuka akijifanya amesahau kombeo. Jumapili kanisani alikaa benchi la nyuma kabisa, asikutane naye mlangoni. Mtu mzima wa miaka hamsini, anamkwepa mama mmoja nyuma ya migongo ya wanakwaya! Aliona aibu mpaka jasho likamtoka, na bado hakwenda.

Jumatatu asubuhi alishindwa kuvumilia. Alisimama juu ya dungu, akashika nguzo, akapaza sauti ile ile aliyoitumia miaka ishirini.

"Jamani, sikieni! Mimi sijafika Nairobi! Nilikuwa mashambani, nakata mkonge! Sijui wanalala wapi, sijui lolote! Nimesema uongo mbele ya karani!"

Watu wa madungu ya jirani wakageuka kumtazama. Kisha kicheko kikaanza dungu la kwanza, kikaruka la pili, mpaka makopo yakalia kwa jinsi watu walivyokuwa wakijipigapiga mapaja.

"Leo Fulgensi katuletea mpya!" Pantaleo alipiga kelele kutoka ng'ambo. "Mtu wa reli kageuka mtu wa mkonge! Ongeza, ongeza!"

"Ni kweli, nawaapia!"

Walizidi kucheka. Verediana peke yake hakucheka. Aliweka mikono mdomoni ili sauti ifike.

"Asante kwa kunifariji, kaka! Najua unanionea huruma! Usijali, barua imekwenda na basi la alfajiri!"

Fulgensi alikaa chini. Ndege walitua kwenye mpunga wake wengi, wakala, naye hakuvuta kamba.

Kelestini alishuka kwenye basi mwezi wa Agosti na sanduku la mbao, viatu vyeusi vikiwa vimejaa vumbi la njia ya Kiberege na Mkula. Kazi yake alishapewa mwingine. Mama yake alimlaki kwa vigelegele, akamshika mkono akampeleka moja kwa moja kwa jirani aliyemwokoa.

"Shikamoo, baba," kijana alisema. Alikuwa na adabu, ila macho yake yalikuwa yamechoka. "Mama anasema uliishi kule. Mimi nilikuwa na kitanda, sijui wewe. Ulikuwa unakaa mtaa gani?"

Verediana alikuwa akitabasamu pembeni, akingoja jibu kwa fahari kabisa, kana kwamba wanaokutana ni watu wa nyumba moja.

"Kimamba," Fulgensi alisema, akitazama viatu.

Kelestini, aliyejua kwamba Nairobi haina mtaa huo, alimtazama usoni. Kisha akajitwisha sanduku lake na kuelekea nyumbani, na mama yake akamfuata nyuma akiuliza kama mtaa huo ulikuwa mbali na wa kwake.