Fardosa alikwenda kurekebisha kosa langu

Akili yangu imekataa. Juzi tumemzika Fardosa, na leo asubuhi nimemtumia meseji: "Umefika?"

Gari lao lilisombwa na maji kwenye laga, ule mto wa msimu, njia ya Eldas. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Kwa msiomjua: tulikaa deski moja ofisini Garissa, kazi ya maji na ukame. Wataalamu walipotuletea chati ya visanduku na mishale, aligusa mshale mmoja akauliza, "Huyu ni nani? Mpeni jina." Watu wakacheka. Yeye hakucheka.

Tukiwa field alikuwa ananichosha! Saa nzima anauliza habari za watu kabla ya kugusa kazi.

Namwambia, "Abaayo, dada yangu, tumekuja kwa bwawa, si harusi."

Naye: "Na form yako ina mahali pa kuandika punda?"

Mwezi alioumwa, nilikwenda peke yangu. Dakika arobaini nimemaliza. Bwawa limezungushiwa uzio, ufunguo wa geti nikauacha nyumba iliyo karibu. Nikarudi najisifu: efficient!

Sikuuliza habari ya mtu yeyote. Ningeuliza, ningejua kwamba ile nyumba ina ugomvi na majirani tangu posa ilipovunjika.

Wenye ufunguo wakawanyima wenzao maji. Wakapigana. Kijana mmoja amepoteza jicho.

Fardosa alipopona alikwenda, akamuuliza mama mmoja mbona punda wake wanabeba maji kutoka mbali hivyo. Hapo ndipo yote yalipotoka. Hakunigombeza. Alirudi huko tena na tena, mpaka pande zote mbili zikakubali kukaa pamoja. Alikuwa anakwenda kwenye kikao hicho maji yalipomchukua.

Bosi ameniambia nishike nafasi yake. "Kuna handover notes." Ni daftari tu. "Mama Dahabo: goti. Binti wa Abdullahi: mtihani. Uliza."

Jana nikampigia Mama Dahabo.

"Ayeeyo, bibi yangu, goti linaendeleaje?"

Akasema, "Goti langu nilimwambia Fardosa," akakata simu.

Wale wa pande mbili wamesema hawakai tena. Geti limefungwa na hakuna anayekunywa. Nimesoma daftari lote mara tatu. Ninajua kila kitu kuhusu watu wale, na hakuna hata mmoja anayenijua.

Nisamehe, abaayo. Mola akulaze penye utulivu. Huku ulikotuacha hakuna.